Vifo 5,377 vilivyoondolewa kwa siku moja: kisa cha kanzidata za Korona England

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, idadi ya waliokufa kwa Korona nchini Uingereza ilishuka. Sizungumzii idadi ya siku hiyo. Iliyoshuka ni jumla yote tangu ugonjwa uingie: asubuhi ilikuwa 46,706, jioni ikawa 41,329. Hakuna aliyefufuka, wala hakuna rundo la rekodi lililogunduliwa kuwa la uongo. Watu walikuwa walewale na kanzidata zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa amelikalia chini miezi minne nyuma, mifumo ilipounganishwa: tukiandika kwamba mtu amekufa kwa Korona, tunasema nini hasa?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunaounganisha mifumo tunafundishwa kuogopa majina yaliyokosewa herufi, tarehe zilizogeuzwa siku na mwezi, na mtu mmoja kuwa na namba mbili. Hapa hayo yote yalidhibitiwa vizuri, na hesabu bado ikaenda kombo.

Nitakapoandika Uingereza, namaanisha dola nzima: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kila moja inaendesha mambo yake ya afya, na mzizi wa kisa uko England.

Milango ya kuingilia

Mpaka karibu mwisho wa Aprili 2020, hesabu ya kila siku ya England ilikuwa ya hospitali tu. Hospitali zilituma NHS England (NHS ni huduma ya afya ya umma) taarifa za wagonjwa waliofia wodini wakiwa wamekutwa na virusi, jumla ikatangazwa. Waliofia majumbani na kwenye makao ya wazee hawakuwamo, na malalamiko yalikuwa mengi. Public Health England, taasisi iliyokuwa ikisimamia afya ya jamii wakati huo, ambayo nitaiita PHE, ikapewa kazi ya kuziba pengo. Tarehe 29 Aprili ikatoa hesabu mpya iliyoongeza vifo 3,811 kwa mpigo, na jumla ya Uingereza ikafika 26,097.

Hesabu hiyo ilijengwa kwa kuunganisha vyanzo ambavyo havikuwahi kutengenezwa vikae pamoja. Kulikuwa na taarifa zilezile za hospitali. Kulikuwa na taarifa za timu za PHE zilizokuwa zikifuatilia milipuko, hasa kwenye makao ya wazee. Halafu kulikuwa na chanzo cha tatu, ambacho ndicho kitovu cha kisa: orodha ya kila aliyekutwa na virusi maabara ilipelekwa kwenye rejesta kuu ya wagonjwa ya NHS kuulizia nani kati yao amefariki. Kiungo kilikuwa namba ya NHS, tarakimu kumi ambazo karibu kila anayetibiwa England anazo. Baadaye vikaongezwa vyeti vya vifo vinavyokusanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ONS.

Kiufundi, kazi ilikuwa safi. Sisi huku tunaohangaika kuoanisha watu kwa jina la kwanza, jina la babu na mwaka wa kuzaliwa wa kukisia tungeipokea namba kama ile kwa mikono miwili. Mtu aliyetajwa na hospitali na pia na rejesta alihesabiwa mara moja. Ilifanyika kwa haraka, katikati ya janga, na ilifanya kazi.

Ila kila mlango ulikuwa unaingiza kifo chenye maana yake. Taarifa ya hospitali ilisema: huyu tulimlaza, alikuwa na virusi, amefia mikononi mwetu. Timu za milipuko zilisema: huyu amefia kwenye nyumba ambayo virusi vinazunguka sasa hivi. Rejesta kuu ilisema kidogo sana: mwenye namba hii hayupo tena duniani, na tarehe yake ni hii. Haikusema kafa kwa nini, kwa sababu haikuundwa kujua. Kazi yake ni kueleza mgonjwa ni nani, anaishi wapi, daktari wake ni yupi, na kama yu hai. Kanuni ya kuunganisha ikawa kwamba ukionekana kwenye mlango wowote, umeingia. Hapo ndipo maana tatu zilipomwagwa kwenye safu moja yenye kichwa kimoja.

Mstari mmoja wa jedwali

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi wa miaka 81 anapimwa tarehe 27 Machi 2020 na kukutwa na virusi. Analazwa, anatibiwa, anapona, anarudi kwake. Tarehe 10 Julai anapatwa na kiharusi na kufariki.

Fungua majedwali moja moja. Maabara: namba yake, 27/03/2020, chanya. Taarifa za hospitali za vifo vya Korona: hayumo. Taarifa za milipuko: hayumo. Rejesta kuu: namba yake, amefariki, 10/07/2020. Cheti cha kifo: kiharusi, na Korona haikutajwa popote.

Sasa unganisha. Namba ya maabara na namba ya rejesta zinaoana tarakimu kwa tarakimu. Aliwahi kukutwa na virusi? Ndiyo. Amefariki? Ndiyo. Basi ingiza. Kati ya kipimo na kifo zimepita siku 105, na tarehe zote mbili zipo palepale mbele ya mashine, kwenye mstari uleule. Hakuna aliyeziuliza kitu. Kila safu peke yake ni ya kweli: kipimo kilifanyika, kifo kilitokea, namba ni yake. Uongo umezaliwa kwenye uunganishaji wenyewe.

Mhamishie bibi huyo Glasgow, na kila kitu kingine kibaki kama kilivyo. Hahesabiwi, maana Scotland ilihesabu tu waliofariki ndani ya siku 28 baada ya kukutwa na virusi. Ireland ya Kaskazini nayo ilitumia siku 28. Wales ilikwenda njia nyingine: kipimo chanya, pamoja na daktari kushuku kwamba ugonjwa ulichangia kifo. Kisha kila siku namba nne hizo zilijumlishwa na kuitwa vifo vya Korona vya Uingereza. Ni sawa na kujumlisha shilingi ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda kwa sababu zote zinaitwa shilingi.

Kwa nini hakuna aliyeona

Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Kanuni ya PHE haikuharibika mwezi Julai. Ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, lakini mwezi Aprili data yenyewe haikuwa na namna ya kuionyesha.

Wagonjwa wa kwanza Uingereza walitangazwa tarehe 31 Januari 2020. Machi na Aprili vipimo vilikuwa vichache, na vingi vilitumika kwa waliofika hospitali wakiwa hoi. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye orodha ya maabara na pia ameshafariki, karibu kila mara alikuwa amekufa kwa ugonjwa uleule, ndani ya wiki chache. "Amekufa kwa Korona" na "amekufa, na aliwahi kukutwa na Korona" yalikuwa mambo mawili yenye watu walewale. Ungechukua sampuli ya rekodi 100 ukazikagua kwa mkono, zingepita karibu zote. Ungelinganisha na hesabu ya ONS, mistari miwili ingepanda na kushuka pamoja. Uhakiki wowote wa kawaida ungekuambia endelea.

Halafu muda ukaanza kuyatenganisha. Orodha ya waliowahi kukutwa na virusi ilikua kila siku na haikupungua, kwa sababu ukishaingia hutoki. Wengi wao walikuwa wazee, na wengine walikuwa na maradhi mengine. Watu wa namna hiyo hufariki, janga liwepo lisiwepo. Kadiri vifo vya Korona vyenyewe vilivyopungua kiangazi, ndivyo vifo vya kawaida vya watu hao vilivyochukua sehemu kubwa zaidi ya namba ya kila siku. Scotland ilianza kupata siku zisizo na kifo hata kimoja, na England ikaendelea kutangaza makumi.

Kuna jaribio dogo ambalo lingeifichua kanuni hiyo hata mwezi Aprili, bila data yoyote. Jiulize: tuseme virusi vitoweke kabisa duniani kesho asubuhi, je, namba hii itafika sifuri? Kwa kanuni ya Scotland, ingefika baada ya siku 28. Kwa kanuni ya England, isingefika mpaka mtu wa mwisho aliyewahi kukutwa na virusi afariki kwa uzee. Hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji mtu mmoja aliyekaa kwenye kikao na kuruhusiwa kuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga.

Waliouliza

Waliouliza walikuwa Yoon Loke wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Carl Heneghan wa Oxford. Tarehe 16 Julai 2020 walichapisha andiko fupi la kueleza kwa nini namba za PHE zilikuwa zikiyumba na kukaa juu kuliko za ONS. Hoja yao ilikuwa kwamba kwa kanuni ile, mtu wa England hana ruhusa ya kupona Korona: hata akigongwa na basi miezi mitatu baada ya kutoka hospitali, atahesabiwa. Kesho yake Waziri wa Afya, Matt Hancock, aliagiza mapitio ya haraka, na utoaji wa namba ya kila siku ukasitishwa.

Angalia walichotumia. Hawakuingia kwenye mfumo wowote. Walikuwa na namba zilizochapishwa kutoka ofisi mbili kuhusu kitu kilekile, wakaona zinaachana, na badala ya kuuliza nani kakosea wakauliza kila mmoja anahesabu nini. Ofisi nyingi ninazozijua, zikipata namba mbili zisizolingana, huitisha kikao cha kuamua ipi itumike kwenye ripoti. Ya pili inafichwa.

Suluhisho, na lilichogharimu

PHE ilikuwa na njia kadhaa. Ingeweza kufuata vyeti vya vifo peke yake, lakini usajili huchukua siku, na serikali ilitaka namba ya kila jioni. Ingeweza kuweka ukomo wa siku, lakini zipi? Ukomo mfupi unawatupa waliokaa wiki nyingi kwenye mashine za kupumulia na kufia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku ya 35 au ya 40. Hao Korona iliwaua bila ubishi. Ukomo mrefu unamrudisha mwenye kiharusi.

Takwimu walizozitoa zinaonyesha ukubwa wa mtego. Kati ya vifo 41,598 vya waliowahi kukutwa na virusi England hadi tarehe 3 Agosti, asilimia 88 vilitokea ndani ya siku 28. Ukichukua vilivyotokea ndani ya siku 60 na kuongeza vile vya baadaye ambavyo cheti kiliitaja Korona, unafika asilimia 96.

Wakaamua kutoa hesabu mbili kwa pamoja. Ya siku 28 ikawa ya Uingereza nzima, kwa makubaliano ya waganga wakuu wa sehemu zote nne, ili angalau vinavyojumlishwa viwe vya aina moja. Ya siku 60, pamoja na vilivyotajwa kwenye vyeti, ikabaki kwa ajili ya kuona mzigo halisi wa ugonjwa. Kwa hesabu ya siku 28, England ilishuka kutoka 42,072 hadi 36,695. Tofauti ni 5,377, na ndiyo iliyoishusha jumla ya Uingereza.

Nauona uamuzi huo kuwa mzuri, na sababu yangu si namba 28. Ishirini na nane ni namba ya mapatano. Hakuna anayepona Korona usiku wa siku ya 28. Uzuri ni kwamba jina la hesabu sasa lilibeba kanuni yake ndani yake: vifo ndani ya siku 28 tangu kipimo cha kwanza chanya. Ni jina refu na baya la kutangaza kwenye taarifa ya habari, lakini haliahidi zaidi ya linachojua.

La pili ni la kiufundi na halisemwi vya kutosha. Marekebisho hayakuishia kwenye namba za kuanzia Agosti. Mfululizo wote ulipigwa upya tangu mwanzo. Hilo liliwezekana kwa sababu kwa kila mtu tarehe ya kipimo na tarehe ya kifo zilikuwa zimehifadhiwa kando kando. Nimeona miunganiko mingi ambako, ili kurahisisha, tarehe hutupwa na kubakizwa safu moja ya ndiyo au hapana. Hifadhi inapungua, ripoti inatoka haraka. Siku maana ikibadilika, huna pa kurudi isipokuwa kuomba data upya kwa kila mwenye nayo, na baadhi yao watakuwa wamehama ofisi.

Tofauti ambazo hazikutatuliwa zilibaki, na ni sawa zilibaki. ONS iliendelea kuhesabu kila cheti kilichoitaja Korona, hata kama marehemu hakuwahi kupimwa, daktari alishuku tu. Hao walipewa msimbo wao tofauti katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani: U07.1 kwa virusi vilivyothibitishwa, U07.2 kwa ugonjwa ulioshukiwa bila kipimo. Kwa hesabu hiyo waliokufa Uingereza kufikia wakati ule walizidi 50,000. Ukihesabu vifo vya ziada dhidi ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, walizidi 60,000. Kwa hiyo kanuni ya zamani ya PHE ilikuwa imekosea pande mbili kwa pamoja. Iliwaingiza waliopona, na iliwaacha nje wazee waliofia kwenye makao yao mwezi Aprili wakati vipimo havipo. Waliosema wakati ule kwamba "serikali ilitia chumvi vifo" walisoma nusu moja ya kosa.

Si kila ajali ya data England mwaka ule ilitokana na maana ya namba. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba watu 15,841 waliokutwa na virusi walikosekana kwenye hesabu kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa na kukata mistari iliyozidi. Hiyo ilikuwa shida ya nafasi, na ilipatikana ndani ya siku chache. Makosa yanayotokana na maana hukaa zaidi, kwa sababu hakuna kinachokatika. Mfumo unazunguka kama kawaida, na ripoti inatoka kwa wakati.

Wanaofanya kazi na takwimu za kliniki za VVU huku kwetu wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Mfuko wa Marekani wa PEPFAR ulipohamisha kigezo cha mgonjwa aliyepotea kwenye matibabu kutoka siku 90 hadi siku 28 baada ya tarehe aliyotarajiwa kliniki, namba za walio kwenye dawa zilitikisika bila mgonjwa hata mmoja kubadili mwenendo wake. Aliyehifadhi tarehe za miadi alichuja upya. Aliyehifadhi alama ya "amepotea" tu alikwama.

Maana iliteleza tena

Kanuni mpya ya England nayo ilikuwa na neno moja lililobeba dhana ya wakati wake: siku 28 tangu kipimo cha *kwanza* chanya. Agosti 2020 dhana hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa maambukizi ya mara ya pili yalikuwa jambo la nadra. Ilipofika Omicron, aina mpya ya kirusi, mwishoni mwa 2021, walioambukizwa tena walikuwa wengi.

Chukua mtu aliyekutwa na virusi Novemba 2020 akapona, akaambukizwa tena Desemba 2021, akafariki Januari 2022 wodini kwa ugonjwa uleule. Kipimo chake cha kwanza kina zaidi ya mwaka. Siku 28 zimepita zamani, kwa hiyo hahesabiwi. Kanuni ya kwanza ilimhesabu aliyepona, na hii ya pili sasa ilikuwa inamruka aliyekufa, kwa sababu ileile: mfumo ulichukua tarehe moja ya kipimo na kuifanya hali ya maisha yote.

Kufikia hapo PHE ilikuwa imevunjwa na kazi yake kuchukuliwa na Wakala wa Usalama wa Afya wa Uingereza, UKHSA. Mwisho wa Januari 2022 wakala huo ulianza kuhesabu vipindi vya maambukizi badala ya watu: vipimo viwili chanya vya mtu mmoja vikiachana kwa zaidi ya siku 90, hivyo ni vipindi viwili, na siku 28 zinaanza kuhesabiwa kutoka kipindi cha karibuni. Mfululizo ukapigwa upya tena tangu mwanzo, kutoka kwenye tarehe zilezile.